Kabla ya Mkanda wa Umeme, Kulikuwa na Samaki!

Wadau, vile vikanda vya umeme vya kutuliza maumivu sio mambo ya juzi. Karne ya 1, tabibu mmoja wa Roma aliwasimamisha wagonjwa wa jongo juu ya taa wa umeme, samaki hai kabisa, mpaka mguu ufe ganzi! Mwaka 1965 wanasayansi wawili wakaja na nadharia: ishara za mguso zikifika uti wa mgongo, hufunga "geti" la maumivu. Vifaa vya betri vikafuata.

Sasa mfikirie mama wa Mbinga anayechimba ngoro kwa jembe, au mvuvi wa Mbamba Bay na kasia lake. Kifaa hutuliza tu, chanzo hakiponyi, na mwenye betri ya moyo amuone daktari kwanza. Ila miaka karibu 2,000 baadaye, wengi bado tunawakanda wazazi maji ya moto. Kwenu je?