Bob Moses: Mwalimu wa hesabu aliyelikimbia jina lake

Agosti 1961, katika mji mdogo wa Liberty, jimbo la Mississippi, kijana Mweusi wa miaka 26 alikuwa akiwasindikiza wenyeji wawili kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Njiani wakazuiwa na Wazungu. Mmoja akampiga kijana yule kichwani kwa mpini wa kisu, damu ikamchuruzika hadi kwenye shati. Hakurudisha pigo wala hakugeuza njia. Alijifuta, akaendelea na wenzake mpaka mahakamani. Baada ya kushonwa kidonda alifanya jambo ambalo huko halikuzoeleka: alimshitaki Mzungu aliyempiga. Wazee wa baraza, Wazungu watupu, wakamwachia mshitakiwa. Na Liberty, kwa Kiswahili, ni Uhuru.

Kijana huyo ni Robert Parris Moses, maarufu kwa jina la Bob Moses. Alizaliwa Harlem, New York, 23 Januari 1935, akasoma falsafa hadi Harvard, kisha akawa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Mwaka 1960 aliona gazetini picha za wanafunzi Weusi wa kusini waliokuwa wakiketi kwenye mikahawa iliyowakataza kuketi, wakigoma kuondoka. Akafunga safari. Kule alimkuta Ella Baker, mama aliyekuwa akiwafundisha vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki bila fujo, kwamba watu wakijitambua hawahitaji mkubwa wa kuwaamrisha. Moses alilishika fundisho hilo hadi kaburini.

Baker ndiye aliyemtuma Mississippi. Huko mwenyeji wake, Amzie Moore, alimweleza kwamba mikahawa si hoja. Hoja ni kura. Ili jina liingie kwenye daftari la wapigakura, Mweusi alitakiwa kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani, na mwamuzi wa kama amejibu sawa alikuwa karani huyohuyo. Hata kufikia mwaka 1964, kati ya watu Weusi 100 waliostahili kupiga kura Mississippi, walioandikishwa hawakufika saba.

Waliothubutu walilipia. Septemba 1961, mkulima Herbert Lee, baba wa watoto tisa aliyekuwa akisaidia kazi ya uandikishaji, aliuawa kwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo, E. H. Hurst. Mbunge hakuadhibiwa. Msibani, mjane wa Lee alimkabili Moses na mwenzake akawaambia wao ndio waliomuua mumewe. Moses hakuwa na jibu. Shahidi aliyekuwa tayari kusema kweli, Louis Allen, naye aliuawa Januari 1964.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Waliomjua Moses wanamkumbuka kwa sauti ya chini, mtu wa kukaa nyuma ya ukumbi akiuliza maswali huku wakulima na mafundi wakijifunza kuongoza mkutano. Mtu huyo ndiye aliyeratibu kampeni ya majira ya joto ya 1964, iliyoleta Mississippi vijana wa kujitolea wapatao elfu moja, wengi wao Wazungu wa vyuo vya kaskazini. Mwanzoni tu, watatu waliuawa: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Kazi haikusimama. Shule za uhuru zilifunguliwa, na Weusi waliofungiwa nje ya chama cha Democratic cha jimbo lao wakaunda chama chao, wakaenda kwenye mkutano mkuu wa taifa Atlantic City kudai viti. Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa mashamba ya pamba, alieleza mbele ya kamera za televisheni jinsi alivyopigwa akiwa mahabusu. Wakubwa wa Democratic wakawatolea viti viwili tu. Wakavikataa.

Kufikia hapo, kisa cha Musa, yaani Moses kwa Kiingereza, kuwatoa watu Misri kilikuwa kimemganda mtu aliyetaka watu wajitoe wenyewe. Mapema mwaka 1965 alitangaza kwamba ameacha kuitwa Moses; ataitwa Parris, jina lake la kati. Mwaka uleule sheria ya shirikisho ya haki ya kupiga kura ilipita. Yeye alikuwa ameshaanza kupinga vita vya Vietnam. Alipopata barua ya kuitwa jeshini akiwa na miaka 31, umri uliokwisha kupita kiwango cha kawaida, alikimbilia Kanada.

Mwaka 1969, yeye na mkewe Janet walitua Tanzania. Walipangiwa kufundisha Same, chini ya milima ya Upare, na Moses akashika tena chaki ya hesabu. Ilikuwa nchi ya Azimio la Arusha, ambako rais mwenyewe alijulikana kwa cheo cha Mwalimu. Aliyekataa kuwa Musa alipata kazi ambayo haikumtaka atangulie msafara. Watoto wao watatu kati ya wanne walizaliwa huku, na kifungua mimba akaitwa Maisha.

Familia ilirudi Marekani mwaka 1976. Maisha alipofika darasa la nane Cambridge, Massachusetts, shule yake haikuwa na somo la aljebra, na baba akaomba kumfundisha yeye na wenzake darasani. Aligundua kwamba mtoto asiyepita aljebra mapema hufungiwa hesabu za juu, vyuo na kazi za zama za kompyuta. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wake wa Algebra Project, mwaka 1982. Aliwapandisha watoto treni ya mjini, kisha wakageuza vituo kuwa namba: mbele chanya, nyuma hasi. Wenyewe ndio waliosimulia safari, wakachora, halafu wakaandika kwa alama.

Miaka ya tisini alirudi Mississippi, akafundisha kwa miaka mingi katika shule ya sekondari ya Lanier, mjini Jackson. Alifariki 25 Julai 2021. Wengine waliotoka kwenye harakati zile walikwenda kuketi bungeni. Yeye alirudi kwenye jimbo lililompasua kichwa, akasimama ubaoni mbele ya wajukuu wa watu waliowahi kukataliwa na karani, akawauliza swali, akasubiri wajibu wenyewe.