Umbali wa Zahanati: Kutoka Mityana hadi Nakivale

Hospitali ya Mityana, magharibi mwa Kampala, iliwahi kuupa ulimwengu somo kubwa la afya. Watafiti waliohesabu wagonjwa wake wa nje waliona kwamba kila maili 2 zilipoongezeka kati ya nyumba na hospitali, mahudhurio yalipungua kwa nusu hivi. Maurice King aliyatia matokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu tiba katika nchi zinazoendelea. Ugonjwa haukuwa umepungua. Waliokuwa mbali waliuguzwa nyumbani, na wengine walifia huko. Kwa kipimo hicho naisoma historia nzima ya afya ya jamii nchini Uganda, hadi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na vijiji vyake kama Misiera.

Tiba ya kizungu ilianzia mijini. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mulago ikafuata mwaka 1913. Mwaka 1959 chuo cha Makerere kikajaribu njia nyingine huko Kasangati, kwenye kituo kilichowafuata watu vijijini, kikipima watoto uzito, kikichanja na kuwafundisha akina mama kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Miaka hiyohiyo Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walikuwa wakipewa ardhi karibu na ziwa Nakivale, kusini-mashariki mwa Mbarara. Makazi yalidhaniwa kuwa ya muda, na naamini hapo ndipo mipango ilipopinda: wanaotarajiwa kuondoka kesho hupewa huduma za leo tu. Wanyarwanda wengi walirudi kwao baada ya 1994, lakini Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine walikuja. Kuna wazee waliozaliwa Nakivale, wakaoa Nakivale, na sasa wanalea wajukuu hapohapo.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililotaka huduma ya msingi imfikie kila mtu, liliikuta Uganda taabani. Waasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, madaktari wengi wametoroka, na mapema mwaka 1979 vita vya kumwondoa Rais Idi Amin viliupiga mji wa Mbarara vibaya. Palepale Mbarara, miaka 10 baadaye, kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho huwapeleka wanafunzi wa udaktari kujifunza vijijini. Hilo nalihesabu miongoni mwa maamuzi bora ya nchi hii.

Mwaka 2001 serikali iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya, na maskini wakamiminika. Ngazi za huduma nazo zilipangwa: kituo cha daraja la II, la III, la IV, kisha hospitali za kawaida na za rufaa. Chini kabisa kuna wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT (Village Health Team), wasio na jengo wala mshahara. Hawa ni majirani waliofunzwa kumtambua mtoto mwenye malaria, nimonia au kuhara, kumpa dawa ya mwanzo, na kumsukuma mama aende kituoni mapema. Wao ndio wanaozifupisha zile maili za Mityana.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na mpango wa afya ulioanza 2019 vilikusudia mkimbizi na mwenyeji watibiwe chini ya paa moja. Hili ni jambo la haki, tena la busara, kwa kuwa mbu hamuulizi mtu kitambulisho. Lakini umbali una sura nyingine pia. Msomali au Mrundi anayeeleza maumivu ya tumbo kwa daktari anayezungumza Kinyankole anahitaji mkalimani, na Kiswahili huokoa wengi, ingawa si wote. Mjamzito ambaye uchungu umemshika usiku wa mvua anahitaji gari, na rufaa yake ya Mbarara ni safari ya makumi ya kilomita.

Tangu 2025 fedha za wafadhili, hasa za Marekani, zimekatwa kwa kishindo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mipango ianze na wahudumu wa kijiji: walipwe, na waitwe kwenye kikao kabla bajeti haijafungwa. Waulizwe ni nyumba zipi zilizo mbali zaidi, ni njia ipi hufurika, nani hakurudi kumaliza chanjo ya mtoto. Majibu wanayo kwenye madaftari yao.