Uchungu wa mapema: mambo yanayomweka mjamzito hatarini

Wazee wetu wa Pwani husema mtoto wa miezi saba huishi, wa minane haishi. Si kweli. Kila wiki anayozidi tumboni humuongezea nguvu, na mapafu ndiyo huchelewa kukomaa. Uchungu ukianza kabla ya wiki 37 kutimia, huo ni wa mapema. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa kabla ya wakati.

Aliyewahi kuzaa hivyo ndiye wa kuangaliwa zaidi, na mwenye mimba ya mapacha. Wamo pia wenye presha, kisukari au upungufu wa damu, wavutao sigara, wasichana wadogo, na anayeshika mimba nyingine kabla ya mwaka na nusu kupita tangu kujifungua.

Ila yanayotuponyoka ni yale yanayotibika. Mjamzito anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo asihisi chochote, mpaka mkojo upimwe. Na hata akichomwa akikojoa, nyumbani ataambiwa ni joto la mwili, anywe madafu. Madafu si mabaya, lakini hayaui vijidudu. Uchafu unaotoka ukeni wenye harufu nao usifichwe kwa haya, mwambie nasi.

Malaria nayo hujificha kwenye kondo la nyuma, mama akatembea kama mzima. Ndiyo sababu kliniki za Pwani hutoa vidonge vya SP kuanzia wiki ya 13, kisha tena baada ya angalau mwezi mmoja. Wengine huvitia mkobani wakavisahau. Vimeze pale pale mbele ya nasi, na ulale ndani ya neti yenye dawa.

Tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, kiuno kikiuma kwa vipindi, au ukiona damu au maji, nenda hospitali usiku huo huo. Usingoje mume arudi baharini wala mama mkwe atoe ruhusa. Mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34, daktari anaweza kukudunga sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nayo hufanya kazi vyema zaidi ikipata kama siku nzima kabla hajazaliwa.