Barakoa ya Daktari Wu

Leo naweka tarakilishi kando kidogo, nizungumzie kifaa kisichochomekwa ukutani wala kuhitaji programu: barakoa. Wengi wetu tulianza kuivaa mwaka 2020, Covid-19 ilipoingia Kenya na serikali ikatulazimu kuziba pua na mdomo hadharani kuanzia Aprili. Lakini mtihani wake mkubwa wa kwanza ulifanyika miaka 110 hivi kabla ya hapo, huko kaskazini mashariki mwa China.

Mwishoni mwa 1910 watu walikuwa wakifa ovyo mjini Harbin, mji wa reli katika eneo la Manchuria. Mtu alishikwa na homa, akakohoa damu, na siku chache baadaye amekwisha. Karibu kila aliyeugua alikufa. Serikali ya China ikamtuma Daktari Wu Lien-teh, kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Penang (leo iko Malaysia) aliyesomea udaktari Cambridge, Uingereza. Alifika Disemba, kwenye baridi ya kugandisha ardhi.

Hebu tuone sayansi ilikuwa imefika wapi. Bakteria wa tauni alitambuliwa Hong Kong na Alexandre Yersin mwaka 1894. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto ndio wanaomtoa kwa panya na kumpeleka kwa binadamu. Tangu hapo tauni na panya vikawa kitu kimoja vichwani mwa madaktari. Hata hapa Nairobi, tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto.

Basi Wu akapasua kwa siri maiti ya mwanamke wa Kijapani aliyekuwa na nyumba ya wageni, maana wakati ule kupasua maiti ilikuwa mwiko. Kwenye hadubini akamkuta bakteria yule yule wa tauni. Ajabu ni kwamba ugonjwa ulikuwa umekaa mapafuni, na panya wa mjini waliochunguzwa hawakuwa nao. Wu akahitimisha kwamba hapa mgonjwa anamwambukiza mwenzake moja kwa moja, kwa pumzi na kikohozi.

Kwa sisi tunaoandika programu hili linaeleweka haraka. Mdudu ni yule yule, lakini amepita mlango mwingine. Ukikazana kuziba mlango wa zamani unafanya kazi bure.

Mlango mpya ulikuwa pua na mdomo. Wu akachukua pamba, akaifunika kwa kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akaweka ncha za kufungia nyuma ya kichwa. Ni kitu rahisi ambacho yeyote angeweza kukitengeneza. Akataka madaktari, wauguzi, wabeba maiti na hata wananchi wavae.

Si wote waliokubali. Daktari Mfaransa Gérald Mesny, mzoefu kuliko Wu, aliona kijana huyu hana la kumfundisha. Akaenda kuona wagonjwa bila barakoa. Siku chache baadaye, Januari 1911, tauni ikamuua. Baada ya hapo ubishi ulipungua sana Harbin.

Tusidanganyane, barakoa haikushinda peke yake. Wu alitenga watu kwenye mabehewa ya mizigo, safari za reli zikadhibitiwa, na akapata kibali cha mfalme kuchoma maiti zaidi ya 2,000 zilizokuwa zimelala nje bila kuzikwa. Kufikia Machi 1911 Harbin ilikuwa imepona. Manchuria yote ilipoteza watu wapatao 60,000.

Wapo wanaosema matundu ya kitambaa ni makubwa kuliko virusi, kwa hiyo barakoa ni bure. Wanaifikiria kama chekecheke. Kwanza, virusi husafiri ndani ya matone na chembe za mate, ambazo ni kubwa kuliko virusi vyenyewe. Pili, chembe hizo hupita katikati ya nyuzi nyingi zilizopishana. Kubwa hugonga nyuzi, ndogo sana huyumbayumba mpaka zikanase. Barakoa ya N95 huongezewa chaji ya umeme kwenye nyuzi zake ili zivute chembe, nayo hukamata angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio. Bila shaka, ikiwa imelegea usoni, hewa itapita pembeni.

Ubishi wa Harbin ulirudi mwaka 2020. Tarehe 28 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Covid-19 haisambai kwa hewa. Tarehe 5 Juni likashauri watu wa kawaida wavae barakoa za kitambaa palipo na msongamano na maambukizi. Baadaye likakubali kwamba hewa nayo ni njia. Kwa hiyo gonjwa lingine likija, kabla hatujabishana kuhusu barakoa tuulize kwanza swali la Wu: linapita mlango gani?