Nani hasa anauguza? Wodi, sista na ndugu wa mgonjwa mkoani Mara

Mpigie simu mtu wa Bunda au Musoma ambaye mwanawe amelazwa. Atakujibu: "Nipo hospitali, nauguza." Wakati huohuo, dada anayepita na trei ya dawa amevaa kitambulisho kilichoandikwa "Muuguzi". Neno ni moja, watu ni wawili, na mara nyingi hawaelewani. Nimekuwa nikifuatilia jambo hili kwa muda sasa, na nadhani huwezi kuelewa malalamiko ya leo kuhusu "kauli za manesi" bila kurudi nyuma kidogo.

Kuuguza ni neno la nyumbani. Kabla ya hospitali kuwepo, aliyeuguza alikuwa mama, shangazi, dada au mke. Mganga alikuja na kuondoka, lakini muuguzaji alibaki pale kitandani.

Hospitali ya kizungu ilifika kando ya Ziwa kwa sura mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kuzunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, yule mtaalamu wa kifua kikuu, alikuwa visiwani Sese, Uganda, akiwachoma wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Wajerumani wakaweka kambi za malale upande wao wa ziwa, na moja ilikuwa Shirati, ambayo leo iko wilaya ya Rorya. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu wa wakati ule: ndugu yako anachunguzwa tezi za shingo, anapelekwa kambini, na wewe huna sauti yoyote katika matibabu yake. Sishangai kwamba hofu ya "kwenda kulazwa" ilikaa muda mrefu.

Mwaka 1934 mambo mawili yalitokea ambayo hayakuwa na uhusiano wowote. Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, na kazi yao ikazaa hospitali inayofanya kazi hadi leo. Mwaka huohuo, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, mwenye umri wa miaka 12, alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Huyo tutarudi kwake.

Hospitali za misheni zilikuwa na wahudumu wachache na fedha kidogo, kwa hiyo ndugu walihitajika: kupika, kufua, kumgeuza mgonjwa. Yaani mlango ulifunguliwa kwa yule muuguzaji wa nyumbani, ila kwa masharti. Apike nje. Asubiri saa ya kuona wagonjwa. Asiguse dawa.

Na yule mwingine, mwenye cheti, alifundishwaje? Hapa inabidi twende London. Mwaka 1860 Florence Nightingale alifungua shule ya uuguzi katika Hospitali ya St Thomas. Wanafunzi waliishi kwenye bweni chini ya jicho la matroni, darasa lao kubwa likiwa wodi yenyewe, na tabia yao ilipimwa pamoja na ujuzi. Mfumo huo ulisambaa katika makoloni ya Uingereza pamoja na vyeo vyake. "Sista", kwenye hospitali za Kiingereza, alikuwa mkuu wa wodi. Kwetu, ambako watawa nao walikuwa wakihudumia wagonjwa, neno likaishia kuwa jina la kila nesi mwanamke. Mwanamume mwenye cheti kilekile? Huyo anaitwa "dokta". Daktari mwanamke naye ataitwa "sista" mpaka achoke kusahihisha. Mtu asiniambie kwamba majina ni majina tu.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza nguvu vijijini, na pale ambapo serikali haikuwa na hospitali ya wilaya, hospitali za kanisa zilipewa kazi hiyo na kuitwa hospitali teule. Bunda ni mfano mmoja, Mugumu ni mwingine. Vyuo vya uuguzi vikakua ubavuni mwa hospitali hizo: Bunda, Shirati, Kisare pale Mugumu. Kwa hiyo kijana wa Mara anaweza kusomea uuguzi kwenye wodi aliyowahi kulazwa bibi yake. Kisha mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza, na nesi, ambaye hakupanga bei yoyote, akawa ndiye wa kumwambia ndugu kwamba glavu hakuna, akanunue nje.

Mwaka 1998 Rachel Jewkes na wenzake walichapisha utafiti wa Afrika Kusini wakiuliza kwa nini manesi huwatukana wajawazito na hata kuwapiga. Jibu lao halikuwa "roho mbaya". Waliona watu wanaotetea mamlaka yao na hadhi ya tabaka lao jipya, ndani ya taaluma iliyowafundisha kwamba nidhamu ndiyo huduma. Nilipousoma nilikumbuka usiku niliouguza mimi mwenyewe, katika hospitali moja ya mkoani kwetu ambayo sitaitaja. Bibi mmoja wa Kizanaki alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda cha mjukuu wake. Mwanachuo akamfokea atoke, muda umekwisha.

"Mama, nikitoka atakunywa maji kwa nani?" bibi akauliza. Alimwita "mama" binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

Binti aliangalia mlango wa ofisi ya inchaji, akanyamaza. Alikuwa peke yake na wodi nzima. Mimi nilimchukia usiku ule. Leo sina uhakika.

Yule mwanafunzi wa Mwisenge aliandika mwaka huohuo wa 1967 "Elimu ya Kujitegemea", akilalamika kwamba shule za kikoloni zinamtenga msomi na jamii yake. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, London, hospitali ya St Thomas, hospitali ileile ya shule ya Nightingale. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kwangwa, Musoma, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa, sasa ina jina lake. Pale getini, jioni, utawakuta wanaouguza wamejipanga na hotpoti zao za uji, wakisubiri mlinzi afungue.