Mmiliki mpya wa timu aanze na daftari la madeni, si na nyota

TIMU ya soka inapopata mmiliki mpya, swali la kwanza la mashabiki huwa ni moja: nani atasajiliwa? Kwa wakazi wa Mtwara swali hilo lina uzito wa pekee. Tangu Ndanda iliposhuka daraja mwaka 2020, mkoa huo haukuwa na timu katika Ligi Kuu Tanzania Bara hadi msimu wa 2025/26.

Hata hivyo, historia ya klabu za hapa nchini inaonyesha kuwa usajili wa nyota ni jambo la mwisho katika kuijenga upya timu ya kulipwa. Mmiliki anayeanza na nyota huishia kulipa gharama mara mbili, na mara nyingine mji husika hubaki bila timu.

Ndanda, maarufu kwa jina la Wana Kuchele, ilipanda Ligi Kuu katika msimu wa 2014/15 na kudumu kwa misimu sita, ikiutumia Uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara. Ilishuka pamoja na Singida United, Lipuli ya Iringa na Alliance ya Mwanza.

Kati ya hizo, Singida United inatoa funzo la wazi zaidi. Ilipanda msimu wa 2017/18 kwa kishindo, ikiwa na wadhamini kadhaa, wachezaji wa kigeni na kocha Hans van der Pluijm aliyewahi kuifundisha Yanga. Mwaka 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Miaka miwili baadaye ilikuwa imeshuka daraja.

Madeni kwanza

Kazi ya kwanza ya mmiliki mpya ni kujua anachokinunua. Klabu huuzwa pamoja na madeni yake: mishahara ya wachezaji, stahili za makocha waliofukuzwa, ada za usajili na bili za hoteli. Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Klabu inayokaidi kulipa deni lililoamuliwa inaweza kufungiwa kusajili hadi kwa vipindi vitatu vya usajili.

Kwa sababu hiyo, mmiliki anayetangaza nyota kabla ya kulipa madeni anaweza kujikuta na wachezaji asioruhusiwa kuwatumia. Ni busara atumie miezi ya mwanzo kukagua mikataba yote, kukubaliana na wadai namna ya kulipwa, na kuajiri mhasibu na mtendaji mkuu wanaolipwa mshahara, badala ya kutegemea viongozi wanaojitolea.

Timu ni mali ya nani?

Jambo la pili ni mipaka ya umiliki. Simba ilipobadili mfumo mwaka 2017, mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya uwekezaji wa Sh20 bilioni, na Serikali ikaelekeza kuwa wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, huku asilimia 49 zikienda kwa uwekezaji. Utaratibu huo unamlinda mwanachama, lakini unamtaka mwekezaji akubali kwamba fedha zake hazimpi sauti yote.

Kwa klabu zisizo na wanachama wengi, hatari ni nyingine: timu inaweza kuhama. Mwaka 2024 Ihefu iliondoka Mbarali mkoani Mbeya, ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mwaka huohuo Fountain Gate, iliyokuwa Singida, ilihamia Babati mkoani Manyara. Mashabiki wa Mbarali waliishangilia timu yao hadi Ligi Kuu, kisha wakabaki na kumbukumbu.

Ndiyo maana mkataba wa mauzo wa timu ya Mtwara ungepaswa kutaja waziwazi jina, rangi na makao ya klabu, na kueleza kuwa havibadilishwi bila ridhaa ya wanachama. Mwekezaji mwenye nia njema hana cha kupoteza kwa kutia saini sharti hilo.

Safari na korosho

Bajeti ya timu ya kusini haiwezi kunakiliwa kutoka klabu ya Dar es Salaam. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na safari ya Mwanza au Kagera huvuka karibu nchi nzima. Ukiondoa Ruangwa, nyumbani kwa Namungo, karibu kila mchezo wa ugenini ni safari ndefu. Fungu la usafiri, chakula na malazi linapaswa kutengwa kabla ya ligi kuanza, kwa sababu ndilo hukwama kwanza fedha zinapopungua.

Upande wa mapato, mkoa una korosho, bandari, gesi ya Mnazi Bay na kiwanda cha saruji cha Dangote kilichozinduliwa mwaka 2015. Minada ya korosho huanza Oktoba, ligi ikiwa imeshika kasi. Huo ndio wakati wa kuuza kadi za uanachama, jezi na tiketi za msimu kupitia vyama vya ushirika.

Hata hivyo, zao moja si nguzo ya kutosha. Mwaka 2018, baada ya wakulima kugomea bei za minada, Serikali iliamua kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Klabu inayotegemea mfuko mmoja hulala njaa pamoja na mfuko huo.

Vijana na subira

Jambo la tatu ni vijana. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika Mtwara mwaka 2019, lakini vipaji vya mkoa wenyewe vinahitaji kufuatwa hadi Msimbati, Madimba na Kilambo, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, pamoja na Newala, Tandahimba na Masasi. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa kimataifa akiwa ndani ya mkataba kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu isiyotunza kumbukumbu za usajili wa vijana wake huipoteza haki hiyo.

La mwisho ni kocha na muda. Azam, yenye fedha na uwanja wake Chamazi, iliingia Ligi Kuu mwaka 2008 na kutwaa ubingwa katika msimu wake wa sita, 2013/14, bila kupoteza mchezo. Namungo, iliyopanda mwaka 2019, ilishika nafasi ya nne katika msimu wake wa kwanza na kufika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Wilaya ya Ruangwa ni jirani wa Mtwara. Umbali wa kusini haukuizuia.

Mmiliki mpya anapaswa kuwaeleza mashabiki ukweli tangu siku ya kwanza: msimu wa kwanza ni wa kulipa madeni, wa pili wa kujenga kikosi, na wa tatu wa kupigania kupanda. Nyota anaweza kuja baada ya hapo, akute mshahara wake upo.