Jinsi hospitali zinavyofunzana: funzo kutoka Kilifi

MAARIFA ya tiba hayasafiri yenyewe. Wakazi wa pwani ya Kilifi na Malindi wanao ushahidi wa jambo hilo.

Mjini Kilifi ndipo ulipoanzishwa, mwaka 1989, mpango wa utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (Kemri) na shirika la Wellcome la Uingereza. Kati ya 1993 na 1995, watafiti walifanya majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Kilifi, na vifo vya watoto wachanga na wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa takriban thuluthi moja. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi 2006 ndipo kampeni ya kitaifa igawe bila malipo vyandarua vipatavyo milioni 3.4. Kati ya ugunduzi na matumizi ilipita miaka kumi, na gharama yake ililipwa na watoto.

Ili kufupisha safari hiyo, wataalamu hutumia makundi ya kujifunza kwa pamoja. Mtindo huu ulienezwa tangu 1995 na Taasisi ya Uboreshaji wa Huduma za Afya ya Boston, Marekani.

Utaratibu wake ni mwepesi. Hospitali kadhaa huchagua tatizo moja na kukubaliana kulipima kwa kipimo kimoja. Kila timu hujaribu badiliko dogo kwake, kisha baada ya miezi michache hukutana na wenzao kulinganisha matokeo. Kinachofaulu huigwa; kinachoshindwa huelezwa bila aibu.

Nchini Kenya, mfano ulio karibu na huo ni mtandao wa wodi za watoto ujulikanao kama CIN. Ulianza 2013, mwaka uleule huduma za afya zilipogatuliwa kwa kaunti 47. Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na mpango wa Kemri-Wellcome waliunganisha zaidi ya hospitali kumi. Makarani hunakili taarifa za kila mtoto anayeruhusiwa kwenda nyumbani au anayefariki: je, alipimwa uzito? Kipimo cha dawa kililingana na uzito huo? Ripoti hurudishwa kwa madaktari na wauguzi, nao hukutana kuzijadili.

Maswali hayo si madogo. Dawa ya jentamaisini ikizidi huweza kudhuru figo na masikio ya mtoto. Ikipungua, maradhi huendelea.

Mtindo huu una mipaka. Takwimu hazileti oksijeni wala hazizibi pengo la wauguzi, na migomo ya 2017 ilidhihirisha hivyo. Isitoshe, ripoti ikigeuzwa fimbo ya kuwachapia wafanyakazi, watu huficha makosa na mafunzo hukoma.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Muuguzi wa Malindi akiingia wodi ya jirani, huenda akaona kasoro ambayo wenyeji wameizoea, naye akarudi kwake na dawa ya kasoro yake mwenyewe.